Udongo Ule Ule: Jibu kwa Kijana wa Kizimkazi



Wapendwa wasomaji wetu, wiki hii tulikuwa tumekusudia kuendelea na tafakari yetu juu ya sakramenti ya kitubio. Tunaomba radhi kwa kuiahirisha. Swali tuliloulizwa Jumapili iliyopita baada ya Misa, huku kwenye jumuiya yetu ndogo ya Kizimkazi, limetukalia moyoni siku zote hizi, na tumeona si vema kuliacha lipoe.

Aliyeuliza ni kijana wa kidato cha nne, ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka bara kwa ajili ya kazi za hoteli. Alingoja wenzake watawanyike, akatuamkia, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Baba, katika mtihani wa majaribio tuliulizwa juu ya asili ya binadamu. Niliandika kama tulivyofundishwa, kwamba binadamu na sokwe wana asili moja, nikapata alama zote. Lakini mwalimu alituambia tuandike hivyo kwa ajili ya mtihani tu, moyoni tusiamini, kwa kuwa anayeamini hayo amemkana Mungu. Sasa mimi nimeyaamini, Baba. Je, nimetenda dhambi?"

Tulimjibu pale pale kwamba hakutenda dhambi yoyote. Uso wake ulionyesha nafuu, lakini haukuonyesha kwamba ameelewa. Ndiyo maana tunaandika. Tunajua kwamba swali lake si lake peke yake, na kwamba wapo wazazi, makatekista na hata walimu ambao wamelibeba kwa miaka mingi bila kuthubutu kulitamka.

Tuseme mapema msimamo wetu. Hatuhofii kwamba kijana huyu ameiamini mifupa ya kale. Tunahofia lile jingine alilofundishwa: kwamba mtu mcha Mungu anaweza kuwa na ukweli mmoja wa darasani na ukweli mwingine wa kanisani, na kwamba kuandika asichokiamini ili apate alama ni jambo dogo. Mtoto anayezoezwa kusema asichokiamini mbele ya msahihishaji, kesho atakisema mbele ya hakimu, na keshokutwa mbele ya altare. Mungu wetu ni Mungu mmoja; aliyeumba mawe ya Olduvai ndiye aliyewavuvia waandishi watakatifu. Hawezi kusema uongo katika kitabu kimoja ili asadikiwe katika kingine.

Yaliyo karibu nasi

Tuanze na vilivyo karibu. Kutoka Kizimkazi, ukishika njia ya kwenda mjini, utapita karibu na msitu wa Jozani, ambao tangu mwaka 2004 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Humo anaishi kima punju, mnyama ambaye asili yake ni kisiwa hiki cha Unguja na si mahali pengine popote duniani. Mwaka huu tuliwapeleka vijana wetu kumwona, nasi tukasimama chini ya mti kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Mtazame mkono wake anaposhika tawi. Ana vidole vinne virefu, vimepinda kama ndoana. Kidole gumba hakipo. Kimebaki kibonge kidogo tu. Wataalamu walimpa yeye na jamaa zake wa Afrika jina la kolobasi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa kiungo. Lakini hakukatwa. Kwa mnyama anayeishi akirukaruka kutoka tawi hadi tawi, mkono wa namna ya ndoana unamfaa. Tumbo lake nalo limegawanyika vyumba, na ndani yake vijidudu huchachusha majani kama ilivyo kwa ng'ombe. Kwa sababu hiyo hupenda majani machanga na matunda mabichi, na tunda bivu lenye sukari nyingi halimfai. Wale wanaokaa karibu na mashamba wameonekana wakiokota na kula makaa ya kuni. Watafiti waliolichunguza jambo hilo wanaeleza kwamba makaa hunasa sumu zilizomo katika majani ya miembe na mikungu.

Hizo ni tofauti zake nasi. Lakini tazama tena. Macho yake hayako pembeni mwa kichwa kama ya mbuzi. Yanatazama mbele, kama yetu. Ncha za vidole vyake zina kucha bapa, si makucha ya paka. Mfungue kinywa, kama wafanyavyo wataalamu, uhesabu meno: ni 32, kwa mpangilio ule ule wa meno yako wewe unayesoma. Mkia anao, nasi hatuna; hata hivyo, kila mmoja wetu mwishoni mwa uti wa mgongo ana kifandugu, vipingili vichache vilivyoungana mahali pale pale ambapo mkia wake unaanzia.

Turudi sasa pwani. Wageni wengi huja Kizimkazi kuwatazama pomboo, na wengi huwadhania kuwa ni samaki. Wavuvi wetu wanajua kwamba pomboo hupanda juu kuvuta pumzi na humnyonyesha mtoto wake. Ndani ya pezi lake, chini ya ngozi ile laini, umo mfupa mmoja wa juu, kisha miwili ya kigasha, kisha vifupa vya kiwiko, kisha vidole vitano. Ni mifupa ya mkono wetu, ila imefupishwa na kupanuliwa ili ifanye kazi ya kasia.

Kwa nini kasia, ndoana na mkono unaoandika barua vijengwe kwa mifupa ile ile? Jibu la sayansi ni kwamba viumbe hivi ni jamaa. Walirithi umbo moja kutoka kwa wazee wa zamani sana, na kila ukoo ukabadilika taratibu kulingana na maisha yake. Wapo wanaotuuliza kwa kejeli: "Ikiwa tulitokana na nyani, mbona nyani wa leo hawageuki watu?" Swali hilo linadhani kwamba binamu yako ndiye babu yako. Hakuna mwanasayansi makini anayesema kwamba tulizaliwa na kima wa Jozani wala na sokwe wa Gombe. Wanachosema ni kwamba sisi na wao tuna wazee wa pamoja, kama vile wewe na mtoto wa ami yako mna babu mmoja, na hakuna kati yenu aliyemzaa mwenzake.

Hata kisiwa chetu kinatufundisha hayo. Huko Jambiani, si mbali na hapa, lipo Pango la Kuumbi, ambalo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watafiti wengine wamelichimba. Humo yamepatikana mabaki ya watu waliowinda zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, pamoja na mifupa ya punda milia. Punda milia hawaogelei kuvuka mkondo wa Zanzibar. Walifika kwa miguu, wakati maji ya bahari yalipokuwa chini sana na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Bahari ilipopanda, wanyama waliobaki huku walitengwa na jamaa zao. Kima wekundu wa milima ya Udzungwa na kima punju wetu ni ndugu waliotenganishwa, na leo kila mmoja ana sura yake.

Mifupa ya nchi yetu

Pengine hakuna taifa lililokabidhiwa kumbukumbu nyingi za mambo haya kama letu. Mwaka 2013 watafiti walitangaza vipande vya taya vilivyofukuliwa katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, ndani ya mawe yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Kimoja ni cha mnyama wa ukoo wa masokwe, kingine cha mnyama wa ukoo wa kima. Maana yake ni kwamba ukoo tulio ndani yake sisi na ukoo wa kima punju zilikwisha kuachana wakati huo. Undugu wetu na wale wa Jozani ni wa kweli, lakini ni wa mbali mno.

Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona mfupa ukichungulia kwenye mteremko. Mumewe Louis alikuwa amelala kambini, mgonjwa. Fuvu lililounganishwa kutokana na vipande vile lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi, lina magego makubwa ajabu, na ubongo wake ulikuwa takriban theluthi moja ya wetu. Wakaliita Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Wasomaji wetu wa Unguja watambue jambo hili: Zinj ni jina ambalo wanajiografia Waarabu wa kale waliita pwani yetu, na ndilo lililomo ndani ya jina Zanzibar. Zamadamu mashuhuri wa Tanzania alipewa jina la nyumbani kwetu! Hata hivyo huyu si babu yetu. Ukoo wake ulikwisha bila kuacha kizazi. Mwaka uliofuata ndipo yalipoanza kupatikana mabaki ya mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi na ncha pana za vidole zinazofanana na zetu. Mwaka 1964 aliitwa Homo habilis, mtu mwenye ustadi, kwa sababu wagunduzi waliamini kwamba ndiye aliyechonga zana za mawe zilizokutwa bondeni humo.

Lakini kinachotugusa zaidi ni Laetoli, kusini ya Olduvai. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua ikanyesha juu yake, na wanyama wakapita wakati majivu yangali mabichi: tembo, twiga, sungura, kanga. Yalipokauka yakawa kama saruji. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua humo mstari wa nyayo wa urefu wa mita 27 hivi, uliokanyagwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Profesa Fidelis Masao na wenzake, Watanzania na Waitaliano, walitangaza nyayo nyingine za jirani mwaka 2016.

Chunguza unyayo ule. Kisigino kimezama kwanza. Kidole kikubwa hakikukaa kando kama cha sokwe, ambaye hushikia matawi kwa mguu. Kimelala sambamba na vingine. Ni mguu wa kutembea. Na mguu haubadiliki peke yake. Anayesimama wima anahitaji nyonga fupi na pana, iliyo kama bakuli, ili ibebe matumbo. Anahitaji fupaja linaloinama kuelekea goti, ili uzito ukae juu ya mguu mmoja wakati mwingine ukinyanyuliwa. Anahitaji tundu la fuvu, lile linalopitisha uti wa mgongo, liwe chini ya kichwa na si nyuma yake. Yote hayo yanaonekana katika mifupa ya zamadamu, tena muda mrefu kabla ubongo haujakua. Tulisimama kwanza, akili kubwa ikaja baadaye. Na tulilipia: mgongo unaouma uzeeni, na uchungu wa mama anayejifungua mtoto mwenye kichwa kikubwa kupitia nyonga iliyobana.

Mama Kanisa anasema nini?

Sasa tuulize lililo letu. Je, haya yanapingana na imani tuliyoipokea?

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliyefariki mwaka 430, alikwisha kuonya katika maandishi yake juu ya kitabu cha Mwanzo. Mkristo akisema upuuzi juu ya mambo ya dunia ambayo hata asiyeamini anayajua vema, huku akidai kwamba ndivyo Maandiko yanavyosema, anayaletea Maandiko dharau. Na wasioamini hawatamsadiki tena anaposema juu ya ufufuko na uzima wa milele. Ni onyo la karne kumi na sita zilizopita, na linafaa kusomwa katika kila darasa la katekesi.

Mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pio wa 12, katika waraka wake Humani Generis, aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe hai vilivyokuwapo kabla yake, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja, na akitaka busara ili mafundisho juu ya dhambi ya asili yasiharibiwe. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili, akiiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, alisema kwamba ujuzi mpya unatufanya tuitambue nadharia ya mageuko kuwa ni zaidi ya dhanio. Mwaka 2014 Papa Fransisko aliwaambia wanaakademia hao hao kwamba Mungu si mfanya mazingaombwe, na kwamba mageuko hayapingani na uumbaji bali yanauhitaji. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 159, inafundisha kwamba imani na akili haziwezi kugombana kweli, kwa kuwa zote zatoka kwa Mungu mmoja. Na namba 366 inakumbusha kwamba kila roho huumbwa na Mungu, haitokani na wazazi.

Tena soma Mwanzo kwa makini. Sura ya kwanza inaweka wanyama kabla ya mtu; sura ya pili inaweka mtu kabla ya wanyama. Waandishi watakatifu hawakuwa vipofu. Waliziweka habari hizo mbili bega kwa bega kwa sababu hawakuwa wakiandika kitabu cha biolojia. Walikuwa wakitufundisha kwamba vyote vimetoka kwa Mungu, kwamba ni vyema, na kwamba mtu ana wito ambao hakuna kiumbe mwingine aliyepewa. Na liko jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Katika sura ya pili, aya ya saba, Mungu anamfinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi. Katika aya ya kumi na tisa anawafinyanga wanyama, nao kutoka ardhi ile ile! Mhubiri naye, sura ya tatu, anasema kwamba watu na wanyama wote wametoka mavumbini na watarudi mavumbini. Undugu wa udongo haukuvumbuliwa na Darwin. Uko ndani ya Biblia tunayoibusu.

Tuwe wa haki kwa pande zote. Wapo wanasayansi wanaosimama juu ya mifupa hiyo na kutangaza kwamba Mungu hayupo. Hao wametoka nje ya shamba lao. Mfupa unaweza kutuonyesha jinsi mwili ulivyofika hapa. Hauwezi kutuambia kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu, wala kwa nini ni vibaya kumdhulumu mjane. Lakini kosa lao halitupi sisi ruhusa ya kuyakana mawe. Mwaka 2006 nchini Kenya, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walitaka makumbusho ya Nairobi yasiyape nafasi ya mbele mabaki ya kijana wa Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 1984 na Mkenya Kamoya Kimeu. Tunaheshimu bidii yao; hatukubaliani nao. Imani inayohitaji mifupa ifichwe imekwisha kukiri kwamba inaiogopa.

Jeraha lililo chini ya swali

Hata hivyo tungekuwa wachungaji wabaya kama tungeishia hapa. Tumekaa na waamini wetu vya kutosha kujua kwamba wengi hawayakatai mafundisho haya kwa sababu ya kitabu cha Mwanzo. Wanayakataa kwa sababu ya neno nyani. Mzee mmoja alituambia: "Padre, mzungu alituita nyani enzi za ukoloni. Leo mtoto wangu anarudi shuleni ananiambia ni kweli?"

Mzee huyo hakukosea kuumia. Mwaka 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx, jijini New York, Ota Benga, mtu wa jamii ya Wambuti wa Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani pamoja na orangutani, na maelfu ya watu wakaja kumtazama. Wachungaji Wabaptisti weusi ndio waliopinga hadi akatolewa. Hakurudi tena kwao. Mwaka 1916 alijiua. Waliomweka pale walijiona watu wa elimu. Walichukua habari ya undugu wa viumbe wakaigeuza kuwa ngazi, wakajiweka wenyewe juu na Mwafrika chini.

Lakini tusidhani kwamba ukatili huo ulihitaji Darwin. Hapa Mkunazini, mjini Unguja, ulikuwapo mnada wa watu. Mnunuzi alimfungua mtu kinywa akamkagua meno, akamshika misuli ya mkono, akamtembeza aone kama hachechemei. Ni anatomia ile ile tuliyoieleza juu: meno, mkono, mguu. Wauzaji na wanunuzi wale wengi walimwamini Mungu na walikiri kwamba Adamu aliumbwa kwa udongo, na bado waliuza wana wa Adamu. Mnada ule ulifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, alimsukuma Sultani Barghash kuutia saini. Kirk huyo ndiye ambaye kima punju amepewa jina lake la kisayansi, tangu mwaka 1868. Wakati huo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wakiwakomboa watumwa na kuwapa makao Bagamoyo.

Hapa ndipo lilipo jibu letu. Heshima ya mtu haikutokana kamwe na umbo la fuvu lake, urefu wa kigasha chake wala umri wa ukoo wake. Anayesema Mwafrika ni duni kwa sababu ya pua yake, na anayesema binadamu amedhalilika kwa sababu ana undugu na sokwe, wamefanya kosa moja: wote wawili wameipima heshima kwa mifupa. Sisi tunaipima kwa yule aliyetuita kwa jina. Mungu angeweza kuchukua mavumbi ya siku moja au mavumbi yaliyosafiri miaka milioni elfu. Sura yake ndani yetu haipungui hata kidogo.

Na mifupa yenyewe, ukiisoma kwa uaminifu, inawaaibisha waliojenga ngazi ile. Inasema kwamba wanadamu wote, wa New York na wa Kongo, wa Muscat na wa Makunduchi, ni tawi moja changa lililochipuka Afrika. Ukweli ukiachwa useme wote, huwa upande wa wanyonge. Ukifichwa nusu, hutumiwa na wenye nguvu.

Neno kwa kila mmoja

Kwako kijana uliyetuuliza: endelea kujibu mtihani kwa yale unayoyasadiki, na endelea kusali kwa yale unayoyasadiki, na usikubali yawe mambo mawili. Ukiona bado hujui yanavyounganika, sema hujui. Hiyo si dhambi.

Kwenu walimu: tunajua mzigo mlio nao. Kama dhamiri inakusumbua juu ya somo, njoo tuzungumze. Lakini usimwambie mtoto kwamba Kanisa linamkataza jambo ambalo Kanisa halijamkataza. Mkristo mzuri hafundishi uongo, hata kwa nia ya kuulinda ukweli.

Kwenu wazazi: mtoto akirudi na habari za zamadamu, msimfokee. Mpelekeni Jozani. Kesheni naye mkitazama mkono wa kima na mkono wake. Kisha mwambieni kwamba kati ya viumbe wote waliowahi kupita juu ya majivu na udongo wa nchi hii, ni yeye aliyepewa kuuliza: "Ni nani aliyenifanya?"

Na kwetu mapadre lipo la kujikumbusha. Kila Jumatano ya Majivu tunachovya kidole gumba, kile ambacho kima punju hana, tunaandika msalaba kwenye paji la uso la mtoto na la mzee, la mwenye hoteli na la mfagizi wake, tukiwakumbusha wote kwamba ni mavumbi. Tumekuwa tukiyasema maneno hayo miaka yote bila kushtuka. Kijana wa Kizimkazi ameyasikia kwa uzito wake wote, akaja kutuuliza kama ni kweli. Tunamjibu: ndiyo, mwanangu, ni kweli, na Mungu hakuona haya kuyatwaa mavumbi hayo awe mmoja wetu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaendelea na kitubio. Tuombeane.